Majongoo Waliofutwa Majina

Siku ile, uani kwa mama wa Kanyosha, pembeni mwa Bujumbura, tulikuwepo wanne. Alikuwepo mama mwenyewe, mwenye nyumba na mwenye mashine, ambaye hakutuzaa lakini hatujawahi kupata neno jingine la kumwita. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, ambaye huuza vitenge mtaani Mutakura na alikuwa amefunga meza yake asubuhi hiyo ili aje kunitazama nikiaibika. Alikuwepo kitinda mimba wetu, injinia, mwenye shahada yenye muhuri na mkoba wenye zipu kumi na moja. Na nilikuwepo mimi, yaya wao, yaani mkubwa wao, kwa maana huku kwetu ndivyo mkubwa anavyoitwa. Wenye Kiswahili cha pwani watadhani nilikuwa mlezi wa watoto wa watu, na hawatakuwa wamekosea sana. Ukipenda kuhesabu na mayai, tulikuwa mia moja ishirini na wanne.

Mayai yalikuwa ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na ilikuwa siku yao ya kumi na sita. Kifaranga hutoka siku ya ishirini na moja. Umeme ulikuwa umetuacha tangu jana yake, kisha asubuhi ukarudi kwa pupa, kama mgeni anayetaka kufidia siku zote ambazo hakutembelea. Ukaingia kwenye mashine, ukaichoma chipu iliyokuwa ikiiendesha. Taa nne za kupasha joto zikazimika. Mama alinipigia simu. Hakulia, hakulaumu. Alisema tu, "Mashine yako imelala. Mi nimeifunika na blanketi. Njoo na akili."

Mayai hayo hayakuwa yake peke yake. Yalikuwa ya akina mama wanane wa kikundi chake, kumi na tano kila mmoja, na kila yai lilikuwa na alama ya penseli: huyu msalaba, huyu nyota, huyu duara, huyu herufi ya kwanza ya mwanawe. Mama ndiye aliyewaambia wasiwaachie kuku walalie. Aliwaambia, kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka barabarani, kwamba mwanawe ametengeneza mashine inayofikiri. Wengine walikuwa na shaka. Mmoja alisema kuku wake pia anafikiri. Mama aliwashawishi mmoja mmoja, kwa jina lake na kwa neno lake. Mayai yakioza, neno lake ndilo lingeoza, na yeye ni mtu anayeishi Kanyosha, si mahali ambapo unaweza kubadilisha majirani.

Hapo inanibidi nieleze kwa nini mwanawe alikuwa mimi, na kwa nini nilikuwa na akili ya kuitwa.

Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, wiki chache baada ya kumzika baba, ambaye alimfuata mama yetu upesi kama mtu anayechelewa miadi. Shule ilinisikitikia sana. Walinipa barua ya kunisikitikia, yenye sahihi, na nikaenda nayo nyumbani kuwapikia wadogo zangu. Kitinda mimba alikuwa na miaka minne. Mama wa Kanyosha alikuwa mwanamke aliyetuuzia mayai, basi, si zaidi. Alikuja kutoa pole, akaona hali ilivyo, akaondoka na mtoto mgongoni. Alikaa naye miaka miwili, akamlisha, akamwingiza shule ya kwanza. Hakusaini karatasi yoyote. Alisema tu kwamba mimi nitafute kazi ya mikono, na nikiipata nije nimchukue mtoto.

Kazi niliipata Buyenzi, kwa mzee mmoja Mwislamu wa mji wa zamani, fundi wa redio ambaye hakuna mtu mwingine aliyetaka kumsikiliza akieleza. Mimi nilimsikiliza kwa sababu kibanda chake kilikuwa na kivuli. Kwa miaka mingi wateja walikuwa wakiingia, wananitazama, wananiuliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia wamemkuta, wanakaa kumngoja.

Ni huyo mzee aliyenijulisha kwa jongoo. Jongoo ni jina letu la kibandani. Jina lenyewe la kiwandani lilikuwa ni tarakimu na herufi ambazo hata kuzitamka ni kazi. Ni chipu, kipande cheusi cha plastiki, urefu wa kidole gumba, chenye miguu ishirini kila upande. Ndani yake mna kompyuta nzima, ndogo na tiifu. Unaimiminia maagizo mara moja, na tangu hapo inayafuata mpaka ife, bila kuuliza sababu na bila kuomba likizo. Nilipoelezwa hivyo nilihisi nimepata ndugu.

Walikuwa familia, karatasi za kiwanda ndivyo zilivyosema. Jongoo mdogo alikuwa na kumbukumbu ndogo, jongoo mkubwa kumbukumbu mara mbili yake. Kwa sura walikuwa pacha: miguu ile ile, urefu ule ule. Kilichowatofautisha ni jina lililochapwa mgongoni kwa herufi nyeupe, basi. Walifika Bujumbura kama karibu kila kitu kinavyofika, kwa boti kutoka Kigoma, au ndani ya sanduku la mtu aliyekwenda Dubai kununua nguo. Safari moja, bandarini, mtu wa forodha aliwamwaga mezani na kumwuliza fundi wangu kama hizo ni mbegu. Mzee akajibu kwamba ndiyo, ni mbegu, na zinaota vizuri penye umeme. Akaruhusiwa kupita.

Na ziliota. Kwa miaka kama kumi na mitano hakukuwa na jambo mjini ambalo jongoo hakuweza. Aliwasha na kuzima pampu za maji za wenye nyumba za ghorofa. Alilinda friji zisiuawe na umeme unaopanda na kushuka. Alikimbiza herufi nyekundu juu ya mlango wa kinyozi, KARIBU, KARIBU, KARIBU, mpaka majirani wakaomba anyamaze. Alimlipia kitinda mimba shule yote, kutoka daftari la kwanza hadi chuo kikuu, na hakuna sherehe hata moja ya mahafali ambapo jongoo alitajwa. Karatasi za kiwanda ziliahidi kwamba familia hii itakuwepo kwa muda mrefu. Niliamini. Nilikuwa bado na umri wa kuamini karatasi.

Mashine ya mama ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila mzee kusimama nyuma yangu. Niliifanya kwa mbao, taa nne, kipimajoto, na jongoo mkubwa, kwa sababu maagizo yake yalikuwa marefu. Nilimpelekea kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Yeye alimpa mtoto wetu miaka miwili, nikasema, mimi nampa vifaranga. Niliona nimelipa. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Sasa kuhusu msasa. Mzee alinifundisha kufuta jina la jongoo kabla hajanifundisha kuchomelea waya. Ilikuwa desturi ya vibanda vyote: unaimimina programu, kisha unasugua mgongo wa chipu kwa msasa mpaka herufi zinapotea. Jirani akija kufungua mashine yako ili aige, anakuta mgongo mtupu na kujua kwamba alikuja bure. Mteja akienda kwingine, anarudishwa kwako. Tulikuwa tukizifuta hata kabla ya kuzitumia, siku zisizo na kazi, tukikaa mlangoni na kusugua kama watu wanaosafisha dengu. Nilikuwa hodari. Jongoo niliyemsugua mimi, hata mama yake wa kiwandani asingemtambua.

Ila mzee alikuwa na makopo mawili. Wadogo aliwaweka kwenye kopo la tumbaku, wakubwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakunieleza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya desturi. Alidhani nina macho.

Macho yake yalipoanza kumwacha, alivuka mpaka kwenda Uvira kuishi na binti yake, akaniachia kompyuta ya zamani, kifaa cha kumiminia programu alichokiunda mwenyewe, na makopo yale mawili. Nikahamia Mutakura, penye kodi nafuu na nafasi finyu. Siku ya kuhama nikaona si akili kubeba makopo mawili yaliyojaa nusu. Nikamimina yote kwenye kopo moja. Lile la maziwa nikaweka sukari. Niliona nimepanga maisha.

Kisha ukoo ukaanza kupukutika. Kwanza masanduku ya Dubai yakawa yanakuja bila wao. Halafu wakaja wa bandia, wenye majina mazuri yaliyopakwa rangi na utupu ndani, wakati sisi wenye wa kweli tulikuwa tumewafuta majina. Kila mtu mjini alikuwa na nusu ya bidhaa. Mwishowe kitinda mimba, akiwa chuoni, akanisomea kwenye simu tangazo la kiwanda. Kiwanda kilikuwa kimenunuliwa na kiwanda kingine. Kilituambia kwa adabu kwamba familia ile imekomaa, kwamba haishauriwi kwa kazi mpya, na kwamba wateja wapendwa wanaombwa kuhamia familia nyingine.

Ushauri wa kuhamia familia nyingine niliwahi kupewa pia na shangazi mmoja, siku ya matanga ya baba, alipokuwa anatugawa kama viti vya sebuleni. Wakati ule sikuhama. Na jongoo sikumhama.

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ile uani Kanyosha, na kompyuta ya mzee juu ya stuli, iliyoletwa na pikapu ya rafiki wa kitinda mimba kwa petroli aliyoipata wiki iliyotangulia baada ya foleni ya siku mbili. Na kopo la tumbaku mkononi mwangu. Ndani yake majongoo kumi na saba, safi, wenye kung'aa migongo, wote wakiwa na sura moja. Baadhi wakubwa, baadhi wadogo. Nilikuwa nimefanikiwa kabisa. Siri ilikuwa imefichwa kwa jirani, kwa mteja, kwa wezi, na kwangu.

Nilimpigia simu mzee Uvira. Nikamwuliza alikuwa akiwatambuaje baada ya kuwafuta. Akasema kwa makopo. Nikalitazama kopo langu moja.

"Umewachanganya," akasema.

"Nimewachanganya, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa, na nikasikia binti yake akimwuliza kuna nini. Kisha akasema, "Basi umewaficha vizuri, binti yangu. Mi hata sikuwahi kufika hapo."

Kitinda mimba akauliza kwa upole, kwa ule upole wanaofundishwa chuoni, kama kifaa changu hakiwezi kuisoma chipu na kuiuliza ukubwa wake. Nikamwambia kifaa cha mzee kinajua kusema tu, hakijui kusikiliza. Mdogo wangu wa kike akasema anamfahamu mtu wa namna hiyo.

Tukajaribu. Mdogo wangu wa kike, ambaye hajawahi kushika waya, ndiye aliyesema mayai yatolewe kwanza, yawekwe kwenye godoro la mama chini ya mablanketi. Mimi fundi sikulifikiria. Jongoo wa kwanza hakuwasha chochote. Wa pili akawasha taa zote nne, na tukapiga makofi. Joto likapanda vizuri: thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na nane, ambapo taa zinapaswa kuzimika. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Mdogo wangu akachomoa waya. Alikuwa jongoo mdogo. Alikuwa amepokea nusu ya kwanza ya maagizo yangu, ile ya kuwasha, na ile ya kuzima ilimwagika nje kwa kukosa nafasi. Mayai yangekuwa ndani, tungeyala jioni hiyo pamoja na neno la mama.

Wa tatu akafanya vivyo hivyo. Kila jaribio lilikuwa nusu saa, na chini ya blanketi mayai yalikuwa yanapoa. Kitinda mimba akafungua zipu ya sita na kutoa chipu ya kisasa, ndogo kama ukucha, yenye kuongea na simu kwa hewa. Akasema anaweza kuunda upya mashine yote kwa hiyo. Inahitaji siku tatu, na mtandao. Mtandao siku hiyo ulikuwa umekwenda mahali umeme ulipotoka.

Mama, ambaye tangu mayai yatolewe alikuwa ameketi kwenye godoro na mkono juu ya blanketi kama anayempima mtoto homa, akaniita.

"Niambie kama unaambia mutoto. Hii mashine inafanya nini?"

Nikamwambia. Inatazama joto. Likishuka, inawasha taa. Likipanda, inazima. Baada ya saa chache inageuza trei ili kifaranga asigande upande mmoja. Ikifika siku ya kumi na nane inaacha kugeuza.

Akangoja niendelee.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama."

"Miaka yote hii mi naogopa kukuuliza, nadhani ni mambo ya wazungu, kumbe ni hiyo tu?" Akasimama, akakunja mikono ya nguo yake. "Apana, acheni kuchokora. Rudisheni mayai ndani. We, kaa pale ufanye."

Ndivyo nilivyopata kazi ya jongoo. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya mashine niliyoiunda, mkono mmoja kwenye swichi, jicho moja kwenye kipimajoto. Likishuka, nawasha. Likipanda, nazima. Umeme ulipokatika, ambao kwa siku tano ulikatika kwa bidii ya kusifiwa, tuliingiza madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwa vitambaa, na mdogo wangu wa kike akawa anachochea makaa. Alichukua zamu zangu nilipolala, mama akachukua zake. Mdogo wangu alinitazama siku ya pili akasema, "Yaya, we ni yule mudogo au ni yule mukubwa?" Nikamwambia anyamaze, joto linapanda.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kulifikiria swali lake. Nina maagizo machache niliyomiminiwa mapema, na nimeyafuata bila kuuliza. Nusu ya kuzima, kusema kweli, sidhani kama niliipata.

Kitinda mimba alimaliza siku ya tatu, kama alivyoahidi, na lazima nikiri kazi yake ilikuwa nzuri. Chipu yake ilikuwa na jina lake mgongoni, kila mtu alisome, na programu aliiweka mahali ambapo dunia nzima inaweza kuichukua bila kumwomba. Niliona kama utupu wa adabu. Mtandao uliporudi, simu yake ililia kumjulisha kwamba mayai yana joto zuri. Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye mayai. Alifurahi sana kupata habari. Kisha umeme ukakatika, chipu ya kisasa ikanyamaza kama wenzake wa zamani, nami nikarudi kwenye kigoda.

Siku ya ishirini na moja akina mama wengine saba walikuja asubuhi, wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Vifaranga themanini na watatu walitoka. Akina mama waliokota maganda, wakitafuta nyota yao, msalaba wao, wakibishana kifaranga gani katoka ganda gani. Yule wa kuku anayefikiri alipata kumi na watatu, akasema mashine si mbaya. Wote waliondoka na zaidi ya nusu.

Trei ya mwisho, iliyokuwa kando ya mlango wa mashine niliokuwa nikiufungua na kuufunga siku tano nikiingiza madumu, ndiyo iliyopigwa na baridi kila mara. Ilikuwa na mayai yenye duara dogo lenye nukta. Yalitoka mawili. Yalikuwa ya mama. Ni yeye aliyeyapanga tangu siku ya kwanza. Trei za katikati, zenye joto, aliwapa wenzake.

Nilianza kusema kuhusu kumi na watatu waliopotea, kwamba nitaleta wengine. Alinikatiza.

"Mi sikudai kifaranga. Nilipomuchukua huyu," akamwelekeza kidole kitinda mimba, ambaye alikuwa anafunga zipu, "ulinipa daftari. Unakumbuka?"

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilimwandikia, kwenye daftari langu la shule lisilo na kazi tena, kila kitu: kwamba mtoto hali maharagwe yenye maganda, kwamba akilia usiku ashikwe sikio, kwamba anaogopa jogoo.

"Ule mutoto niliweza kumulea kwa sababu uliandika. Hii mashine hukuandika kitu. Huyu ataenda kazi ng'ambo, we siku moja utalala. Mi nibaki na nani? Andika. Kwa Kiswahili, si kwa michoro. Na ule jongoo wa ndani, jina lake pia."

Niliona, mwishoni kabisa, kwamba mashine niliyoileta kama malipo nilikuwa nimeileta ikiwa imefungwa.

Daftari nimelinunua, la mistari, lenye jalada la bluu. Naandika polepole, mwaka wa pili wa sekondari haukunifikisha mbali. Kurasa za taa na za joto zimekwisha, na ukurasa wa kugeuza trei, na wa madumu. Uliobaki ni ukurasa wa majongoo, na huo hauandikiki kwa kalamu tu. Inanibidi kumchukua kila mmoja, kummiminia maagizo yote, na kukaa naye nione kama atazima. Siku yenye umeme namaliza mmoja, nampaka tone la rangi ya kucha ya mdogo wangu, nyekundu kwa mkubwa, nyeupe kwa mdogo, na kumwandika. Kumi na wawili wamekwisha kupata majina yao. Watano bado wako kwenye kopo, daftari bado liko mezani kwangu Mutakura, na mama kila Jumapili ananiuliza nimefika ukurasa gani.